Maana ya teosofia, na kwa nini si frimasoni

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu Mikindani. Siku ya tatu, baada ya hitima, watu wakiwa bado wamekaa mkekani chini ya mwembe, kijana mmoja wa mtaani alinisogelea. Ni kijana mwenye adabu zake, alibeba jeneza na wenzake. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shikamoo mwalimu. Samahani, eti ni kweli mzee alikuwa frimasoni?"

Ilikuwa mara ya nne kuulizwa hivyo ndani ya siku tatu. Wa kwanza aliniuliza tukiwa tunatoka makaburini, udongo haujakauka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nia mbaya. Walijua mzee alikuwa mwanachama wa kitu fulani cha dunia nzima, wakalitafuta jina, wakaambulia lile linalotajwa kila kijiwe. Jina la kweli la kitu hicho ni teosofia.

Maana yake haichukui nafasi kubwa. Teosofia ni fikra kwamba chini ya dini zote kuna hekima moja ya kale, na kwamba mtu anaweza kuikaribia kwa kusoma, kutafakari na kukaa vizuri na wenzake. Jumuiya yenye jina hilo ilianzishwa New York tarehe 17 Novemba 1875. Waanzilishi wake wanaotajwa zaidi ni Helena Petrovna Blavatsky, mwanamke aliyezaliwa katika himaya ya Urusi, Henry Steel Olcott, kanali wa Marekani, na mwanasheria William Quan Judge. Mwaka 1879 Blavatsky na Olcott walihamia India, na tangu 1882 makao makuu yako Adyar, katika mji wa Chennai ambao wakati huo uliitwa Madras. Malengo ni matatu: kuunda kiini cha udugu wa binadamu wote, kuhimiza kusoma dini, falsafa na sayansi kwa kuzilinganisha, na kuchunguza kanuni za maumbile ambazo bado hazijaelezwa, pamoja na uwezo uliojificha ndani ya mtu. Ndiyo hivyo.

Sasa tulitazame neno, maana humo ndimo watu wanamopotelea. Ni la Kigiriki: theos ni Mungu, sophia ni hekima. Blavatsky hakulitunga. Mwanafalsafa Porphyry alilitumia katika karne ya 3, na Jakob Böhme, fundi viatu wa Görlitz huko Ujerumani aliyefariki 1624, aliitwa mteosofia zamani sana kabla ya jumuiya kuzaliwa. Tena nusu ya neno hili tunayo kinywani kila siku bila kujua. Falsafa ni philosophia, kupenda hekima, iliyopita kwa Waarabu kabla ya kufika kwetu. Ile "safa" ya mwisho ndiyo sophia yenyewe. Kwa hiyo anayesema neno teosofia ni la kigeni mno alifikirie kwanza. Dada yake tumemlea nyumbani karne nyingi.

Kosa dogo, ambalo husikika kwa waliosoma, ni kulichanganya na teolojia. Logos ni neno, maelezo, hoja. Teolojia ni kumzungumzia Mungu kwa hoja ndani ya dini fulani: ina vitabu vyake, walimu wake, mitihani yake, na mtu hutoka na shahada. Teosofia inadai kitu kingine, kwamba ipo hekima yenyewe na mtu aweza kuionja. Kiswahili kinaijua tofauti hiyo vizuri, ndiyo maana kina elimu na kina hekima. Hekima ni ya mzizi mmoja na hakimu, hukumu na mahakama. Mtu wa hekima kwetu ni yule anayeitwa ndugu wawili wanapogombania shamba la mama yao, akasikiliza pande zote mbili, akasema neno moja na wote wakarudi nyumbani. Huenda hajui kusoma. Huyo hana elimu kubwa, lakini sophia anayo. Mtu anaweza kukataa dai la teosofia. Ni haki yake. Asiseme tu kwamba ni somo la kanisani.

Kosa kubwa ni hilo la frimasoni, na chanzo chake kimojawapo ni neno loji. Hapa Mtwara ukisema lodge kila mtu anaelewa nyumba ya kulala wageni: chumba, neti, feni, ndoo ya maji. Zamani sana, kwa Wafaransa, loge ilikuwa kibanda. Waashi wa mawe waliojenga makanisa makubwa ya Ulaya walijenga kibanda pembeni ya kazi, humo wakichonga mawe na kuweka vifaa. Frimasoni, waliojipa jina kutokana na uashi huo, walichukua na jina la kibanda wakaliita kikundi chao. Jumuiya ya teosofia ilipohitaji jina la kikundi cha mahali, ililichukua lililokuwa likitumika. Wakitimia watu saba wanaweza kuomba hati ya kuwa loji. Hukutana sebuleni kwa mtu, au ukumbini, wanasoma kurasa kadhaa, wanajadili, wanakaa kimya kidogo, wanaondoka.

Sitaficha kwamba kuna watu waliokuwa pande zote mbili. Olcott alikuwa frimasoni. Annie Besant, Mwingereza aliyeongoza jumuiya ya teosofia kuanzia 1907 hadi kifo chake 1933, aliingia mwaka 1902 katika tawi la frimasoni linalopokea wanaume na wanawake. Lakini mtu kuwa mwanachama wa Simba na pia wa chama cha ushirika cha korosho hakuifanyi Simba kuwa ushirika. Loji za kawaida za frimasoni mpaka leo hazipokei wanawake. Teosofia ina mwanamke kati ya waanzilishi wake. Frimasoni wana viapo na madaraja. Kwa teosofia unakubali yale malengo matatu, unajaza fomu, unapokelewa. Kuna shule ya ndani iliyoanzishwa 1888, yenye ahadi zake kwa wanaotaka kuingia ndani zaidi, ila hailazimishi mtu, na wengi huishi na kufa wanachama bila kuigusa.

Tena tuseme lililo wazi: siku hizi kwetu frimasoni si jina la chama hata kidogo. Ni jina la pesa ambazo chanzo chake hakijulikani. Mtu akijenga ghorofa ghafla, frimasoni. Msanii akinunua gari, frimasoni. Sasa mjomba wangu alikuwa na mikorosho yake Naliendele, na kila msimu alipeleka magunia ghalani na kusubiri mnada kama sisi sote, akauliza bei kama sisi sote, akasubiri malipo kama sisi sote.

Nadhani kilichomponza ni cheti. Alikihifadhi katika sanduku la bati pamoja na karatasi za shamba, kimekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Wakati wa kutafuta karatasi za mazishi watu walikiona, na wakaona muhuri wake. Kuna nyoka amejikunja duara akauma mkia wake. Ndani ya duara kuna pembetatu mbili zilizopandana zikafanya nyota ya ncha sita, na katikati ya nyota msalaba wenye kitanzi juu. Pale kichwa cha nyoka kinapokutana na mkia kuna alama ndogo ya msalaba wa mikono minne iliyokunjwa, swastika, na juu ya vyote neno Om kwa hati ya Kihindi. Mtu aliyekwisha kuogopa akiona nyoka na nyota haendi mbali zaidi.

Lakini sisi wa pwani tulipaswa kuwa wa mwisho kuiogopa nyota ile. Waarabu wanaiita muhuri wa Suleiman, na mwenye kuzijua karatasi za hirizi za wazee ameiona mara nyingi. Msalaba wa kitanzi ni alama ya uhai ya Misri ya kale. Mikono iliyokunjwa ni alama ya heri ambayo Wahindu huichora mlangoni, nao waliichora karne nyingi kabla ya wale Wajerumani wa Hitler kuichafua. Nyoka anayejiuma mkia ni kitu kisicho na mwanzo wala mwisho. Hizo ni alama za mataifa mbalimbali zilizowekwa pamoja kwa makusudi, na makusudi yenyewe ndiyo lengo la kwanza la jumuiya.

Kuuzunguka muhuri kuna maneno ya Kiingereza, na kijana mmoja aliyasoma kwa sauti akaishia katikati: "Hakuna dini..." Basi, ikawa ushahidi. Sentensi nzima inasema: hakuna dini iliyo juu ya ukweli. Ilikuwa kauli ya watawala wa Benares huko India, kwa Kisanskriti, na neno lililotafsiriwa "dini" ni dharma, ambalo hubeba pia wajibu, sheria na mwenendo. Ukisema hakuna baba aliye juu ya haki hujasema hakuna baba.

Mjomba alijiunga alipokuwa karani Dar es Salaam, angali kijana, kisha akarudi kusini, na kwa miaka mingi hakumjua mwanachama mwingine kuanzia Lindi hadi Mto Ruvuma. Niliwahi kumuuliza ana faida gani kuwa katika jumuiya ambayo haioni. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua macho. Akaniambia: "Mpwa wangu, nikishaswali isha nafungua kitabu changu kurasa mbili. Saa hiyo hiyo kuna mwenzangu Adyar, na mwingine Brazili, hatujuani. Nikikikosa hicho kitabu usiku mmoja, naona kama nimewaacha wamesubiri."

Hiyo ndiyo hali ya wanachama wengi walio mbali na loji: upweke wenye watu ndani yake. Mwenye tarika, yaani njia ya Kisufi, ataielewa haraka. Mfuasi wa Lindi wa Kadiria, tarika iliyoanzia Baghdad, hajafika huko, lakini akikaa kwenye dhikri anajua hayuko peke yake. Tofauti ni kwamba tarika iko ndani ya dini moja na ina shehe unayempa mkono. Teosofia haina shehe. Mwaka 1924 baraza lake kuu lilitamka kwamba hakuna fundisho hata moja, wala mwandishi hata mmoja, Blavatsky akiwemo, anayemfunga mwanachama. Uhuru huo umewahi kuwauma wenyewe. Viongozi walimlea kijana wa Kihindi, Jiddu Krishnamurti, wakimtangaza kuwa mwalimu wa dunia ajaye, na tarehe 3 Agosti 1929, huko Ommen nchini Uholanzi, mbele ya maelfu ya wafuasi, akaivunja jumuiya ya Nyota waliyomjengea. Wapo walioondoka na hawakurudi. Mjomba alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa heshima, si kwa aibu.

Mara moja tu alikaa na wenzake wengi, Nairobi, safari ya basi ambayo alisimulia maisha yake yote. Aliingia ukumbini hajui mtu. Mama mmoja wa Kihindi alimpisha kiti, akamkaribisha, na swali la kwanza alilomuuliza halikuwa kabila wala dini. Alimuuliza: "Siku hizi unasoma nini?" Mjomba alisema alitaka kulia.

Lengo la kwanza lilikuwa ndilo lake hasa: udugu wa binadamu wote, bila kubagua taifa, imani, jinsia, tabaka wala rangi. Alikuwa TANU pia, na ahadi ya kwanza ya mwana-TANU aliijua kama jina lake: binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja. Kwake zilikuwa sentensi mbili za jambo moja. Kwetu sisi tunaohesabu ukoo kwa mama, ndugu ni wa tumbo moja, na alipenda kusema kazi ni kulipanua tumbo. Alilipenda pia neno kiini. Lengo halisemi jumuiya ndiyo udugu wenyewe, linasema kiini chake. Mchongaji wa Kimakonde anajua: mpingo kwa nje una mti mweupe, laini, anautoa wote, kile cheusi cha ndani, kigumu, kidogo kuliko ulivyodhani, ndicho anachokichonga.

Yule kijana nilimwambia haya kwa ufupi, mkekani, kahawa ikiwa inapita. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa: "Kumbe. Kwa hiyo mzee alikuwa Mwislamu, lakini alikuwa mwanateosofia."

Nikamwambia, mwanangu, karibu umepata. Toa "lakini," weka "na."