Dethi metali ya ufundi inaanzia wapi, na albamu nisizoachana nazo

Vijana ninaowafundisha gitaa hapa Malindi hawaishi kuniletea nyimbo kwa simu, mwalimu hebu sikia hii, si ndo dethi metali ya ufundi yenyewe, ile roki nzito ya kunguruma yenye upigaji mgumu? Nasikiliza mpaka mwisho nakuta ni mbio tupu, dramu zinamiminika, gitaa linapanda na kushuka, solo mbili ndeefu, wimbo umekwisha. Mbio sizidharau, mkono wa kukimbia vile unataka miaka ya mazoezi, lakini peke yake hazitoshi.

Kipimo changu ni kimoja. Chukua wimbo, toa solo zote, halafu kaa na kilichobaki ukihesabu kwa mguu. Mapigo yanakupotea? Besi ina njia yake au inaburutwa nyuma ya gitaa? Rifu, kile kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa, likirudi linarudi vilevile au limekatwa mkia? Kama bado unatoka jasho basi hiyo ndo yenyewe, na kama solo zikishatoka umebaki na dethi metali ya kawaida, basi ni dethi metali ya kawaida yenye mpiga solo hodari, na wala si tusi, zipo kibao nazipenda. Alafu lazima ibaki dethi: sauti ya kunguruma, gitaa lililoshushwa tuni, uzito, kiza. Ukiutoa uzito umeshahamia muziki mwingine.

Mtu akitaka nimuonyeshe namrudisha 1991. Mwaka ule zilitoka albamu tatu, zote zimerekodiwa studio moja, Morrisound ya Tampa kule Florida, na mitamboni ni Scott Burns yuleyule, na bado hazifanani hata kidogo: Human ya bendi ya Death, Unquestionable Presence ya Atheist na Effigy of the Forgotten ya Suffocation.

Human ndo ya kuanzia. Chuck Schuldiner, kiongozi wa Death, aliwachukua Paul Masvidal na Sean Reinert, vijana wa bendi ya Cynic, na Reinert anapiga dramu kama mtu aliyelelewa na jazi, mkono mwepesi, simbali zinaongea kila pahali, kwa hivyo hata rifu la Chuck likiwa jepesi kulishika, chini yake kuna kitu kinatembea. Atheist sasa, hapo ndo penyewe kabisa. Roger Patterson, mpiga besi wao, alishatunga besi za albamu ile, akafariki kwenye ajali ya gari la bendi Februari 1991, hawajarekodi, akaja Tony Choy akazipiga. Fungua "Mother Man" ufuate besi peke yake, usisikilize kingine chochote, utaona kuna wimbo mzima umejificha ndani ya wimbo. Roho inaniuma kila nikiisikia. Suffocation wa New York watu huwaweka kwenye dethi ya ukatili tu, ile ya kupondaponda kwa nguvu, mimi nakataa, manake ukiwatolea solo hupungukiwi na kitu, vipande vinafuatana kila kimoja na kasi yake na hujapumua kimeshabadilika.

1993 Death wakatoa Individual Thought Patterns, Gene Hoglan kwenye dramu na Steve DiGiorgio kwenye besi isiyo na freti, vile vichuma vya shingoni vinavyotenga noti. Sisi wa Pwani tuliokulia masikio kwenye taarabu hatuhitaji kuelezwa sana hapa, udi nao hauna freti, noti inatelezeshwa mpaka ifike. DiGiorgio anafanya hivyo katikati ya gitaa mbili nzito na besi yake husikika wazi, haizami, na nikiwa na mwanafunzi wa besi, hiyo ndo albamu ya kwanza kumpa.

Mwaka huohuo Cynic wakatoa Focus. Naipenda mno, lakini naiweka nje ya mpaka. Sauti imepitishwa kwenye mashine mpaka imekuwa ya roboti, gitaa safi limetawala, uzito umebaki vipande vipande. Ile ni progresivu, roki ya kutafuta njia mpya. Najua nitagombezwa kwa hili na bado nasimama hapohapo.

Lakini anayebisha kuwa mbio ndo kila kitu mimi namjibu kwa albamu moja, Obscura ya Gorguts, bendi ya Quebec kule Canada. Hawa kampuni ya rekodi iliwaacha baada ya albamu yao ya 1993, wakakaa na nyimbo zao miaka, Obscura ikatoka 1998, saa nzima ya muziki ambao kwa mara ya kwanza unadhani gitaa zimeharibika tuni. Hazijaharibika. Luc Lemay na Steeve Hurdle wanazilaza noti zinazogombana moja juu ya nyingine makusudi, wanakwaruza nyuzi, wanazivuta, na kila mkwaruzo una pahali pake pa kuhesabiwa. Kuna wimbo unaitwa "Clouded", zaidi ya dakika 9, taratiiibu, mzito kama nini, hakuna mbio yoyote mle na ni mgumu kuupiga kuliko nusu ya nyimbo za mbio nnazoletewa. Wajerumani fulani waliipenda albamu ile mpaka bendi yao wakaiita Obscura.

Na Ujerumani ndo kwa Necrophagist pia. Kiongozi wao Muhammed Suiçmez alitoa Onset of Putrefaction 1999 akitumia mashine ya dramu, kisha Epitaph 2004, na tangu hapo hakuna albamu nyingine. Kuna wanaosema Epitaph ni mazoezi ya skeli yaliyofungwa pamoja, mie siwaelewi, rifu zake zinaimbika, unaweza kuzipiga mluzi. Archspire wa Vancouver wanaingia bila ubishi, ijapokuwa wana kasi kupita kiasi na kwangu hawafiki kwa Atheist.

Bendi ya Duma wa Nairobi naulizwa sana. Albamu yao ya 2020 ni kali ajabu, lakini ni grindi, ile metali ya vurugu fupifupi, na kelele za kompyuta, iko kwake. Isikilizeni hata hivyo.

Darasani tunazipiga hizi nusu kasi, manake rifu la mbio tupu ukilipunguza linabaki mifupa, na la Suiçmez ukilipunguza ndo unaanza kusikia alichokifanya. Wiki hii ni "Stabwound" ya Epitaph, mwanzo wake tu, metronomu kwenye mapigo 80 kwa dakika, besi waje na betri mpya.