Dakika 11 za kufunga vifungo

Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa akichukua dakika 11 kufunga vifungo vya shati lake. Vifungo ni 7, mkono unaofanya kazi ni mmoja, wa kushoto. Wa kulia uliondoka na kiharusi. Mimi ningevimaliza kwa nusu dakika. Kwa hiyo kila asubuhi nasimama chumbani mwake nikikunja shuka ambalo nimeshalikunja, ili asione kwamba namsubiri.

Nikiwaambia watu kuwa mimi ni mhudumu wa makazi, wengi husema, "Ah, unaogesha wazee." Naogesha, ndiyo. Ila hapo ni sehemu ndogo. Nyumba ninayofanyia kazi ina wakazi 6: wapo wenye ulemavu wa akili, yupo kijana mwenye usonji, wapo waliobaki na athari za kiharusi, na mama mmoja mwenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. (Humu nimechanganya mambo mawili matatu makusudi, mtu asije akatambulika.) Hakuna anayeweza kuishi peke yake salama, wala hakuna anayehitaji kulazwa hospitali. Sisi si wauguzi. Tupo kwa zamu, usiku na mchana, tukisaidia pale panapopungua tu. Ugumu wote wa kazi uko kwenye hilo neno "tu".

Mhudumu mgeni namwambia jambo moja kwanza: wao wako nyumbani kwao, sisi tuko kazini. Ndiyo maana tunabisha hodi na kungoja kuitikiwa, hata kama mlango uko wazi, hata kama aliye ndani hasemi. Nimewahi kufanya kazi kwenye nyumba ambayo saa kumi na mbili jioni kila mkazi alikuwa ameshavalishwa nguo za kulalia, kwa kuwa zamu ya usiku ilikuwa na mtu mmoja na asingeweza kulaza watu wote. Hakuna aliyepigwa pale. Wote walikuwa safi, wameshiba. Watu wazima wa miaka 50 wakawa wamepangwa kama watoto mbele ya televisheni, jua bado linawaka.

Tatizo hilo ni la zamani. Mwaka 1969 Bengt Nirje wa Sweden, akiandika juu ya haki ya watu wenye ulemavu wa akili kuwa na siku ya kawaida kama wengine, alitaja hasa suala la kulazwa mapema kwa sababu ya uhaba wa wahudumu. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 19, unasema mtu achague aishi wapi na nani. Wahudumu wengi hawajawahi kuusoma, na siwalaumu, lakini wanautekeleza au wanauvunja kila jioni kwa saa wanayozima taa.

Kusubiri kuna ufundi wake. Mama mwenye dimensia ukimuuliza swali, funga mdomo, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Ukilirudia kwa maneno mengine kabla hajajibu, unamrudisha mwanzo. Kwake hilo ni swali jipya. Usimuulize "Ungependa kuvaa nini?" kisha ukamfungulia kabati zima. Shika nguo mbili, moja kila mkono, aguse anayoitaka. Na akichagua ile ambayo wewe usingeichagua, atavaa hiyo.

Yapo mambo yasiyosubiri. Mkazi akipatwa na degedege la kifafa, kitu cha kwanza ni kutazama saa. Ondoa vitu vya kumuumiza, laza kichwa kwenye kitu laini, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Likitulia, mgeuze ubavu. Likipita dakika 5, piga simu ya dharura, usijadiliane na mtu, isipokuwa mpango wake wa huduma umetoa maelekezo mengine. Kwenye chakula, mwenye shida ya kumeza akae wima wakati wa kula na abaki wima kama nusu saa baadaye. Aliyepooza upande mmoja usimvute kwa mkono ule wala kumnyanyua kwapani, bega huteguka kirahisi. Na wakati wa kuogesha, kagua visigino, nyonga na mwisho wa mgongo: vidonda vya kulalia huanzia hapo. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa. Gusa, usikie kama pana joto, ugumu au ulaini kuliko pembeni yake, na muulize kama panauma.

Dawa, nakiri, zimenifunza adabu. Kabla ya kutoa unahakiki mambo matano: mtu ni yuyu huyu, dawa ni hii, kipimo ni hiki, saa ni hii, njia ya kuitoa ni hii. Halafu unasaini baada ya kumezwa. Mimi siku moja nilisaini kidonge cha mkazi mmoja kikiwa bado kwenye kikombe, kwa haraka zangu. Jioni natandika kitanda chake, nakuta vidonge vitatu kwenye foronya, vimeloa na kukauka. Ilibidi niripoti, na kuripoti kosa lako mwenyewe mbele ya wenzako ni kitu kizito. Wenzangu wawili wakapendekeza tumsagie kwenye chakula bila kumwambia. Hapana. Kumficha mtu dawa si uamuzi wa mhudumu na kikombe chake jikoni. Tukamuuliza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Akatoa ulimi, akakunja uso: chungu. Daktari akabadilisha, akampa ya maji.

Kazi ambayo watu huidharau kuliko zote ni daftari la zamu. Kijana wetu mwenye usonji alikuwa akipigapiga meza jioni, kwa nguvu, hadi viganja vinavimba. Kwa wiki kadhaa daftari liliandikwa "leo amefanya fujo", "fujo tena", "alikuwa mkorofi". Maneno hayo yanakuambia mwandishi alikuwa amechoka, basi. Kisha akaja mhudumu mmoja, mgeni, asiyejua kufupisha. Aliandika saa, aliandika nani alikuwapo, aliandika hata kilichokuwa kinasikika. Kurasa tano za hivyo, tukaona: kila mara mashine ya kufulia ilikuwa imefika kwenye kukamua. Sisi hatukuwa tunaisikia tena, masikio yameshaizoea. Tukahamishia ufuaji kwenye saa anayotoka kutembea. Kupiga meza kukapungua sana. Hakukuisha, siku za mvua bado hupiga, na mpaka leo hatujajua kwa nini. Siku hizi "mkorofi" ni neno ambalo silitaki kuliona kwenye kurasa zetu. Niandikie alichofanya, na kilichotangulia.

Pesa za mkazi: risiti kila senti, saini mbili, usikope wala usikopeshe. Hapo sina la kuongeza.

Sasa turudi kwenye zile dakika 11, maana mwenye akili ameshapiga hesabu. Wakazi 6, wahudumu 2, kila mtu apewe nafasi ya kujivalisha, na chai iwe mezani saa mbili. Haiwezekani. Anayekuambia inawezekana hajawahi kushika zamu ya asubuhi. Nilichokuwa nafanya ni kugawa: leo vifungo vya mzee, kesho viatu vya jirani yake. Na siku ambayo nilimfungia mzee mwenyewe, niliandika daftarini: "Nimemfungia vifungo mimi. Anaweza. Muda haukutosha." Wenzangu wakaanza kuandika hivyo hivyo, kila mmoja kwa mkazi wake, bila kulalamika wala kupamba.

Mwisho wa mwezi meneja alikaa na daftari lile, akahesabu. "Muda haukutosha" ilitokea mara 43. Aliipeleka kwa wakubwa kama ilivyo, kurasa zenyewe. Sasa asubuhi tuna mtu wa tatu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne. Mzee ameshuka hadi dakika 9, ila akiwa na haraka hukosea tundu, kola ikapanda upande mmoja. Kuna kioo mlangoni kwake. Mimi naendelea kukunja shuka.