Katoka soba hausi, sasa tunaishi naye vipi?

Familia nyingi hapa Mwanza hujipanga vizuri kumpeleka kijana soba, nyumba wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya au pombe. Kutakuwa na vikao, michango ya ukoo, ada ya mwezi, na mtu wa kumsindikiza. Siku ya kurudi unapikwa wali na kuku, na mipango inaishia hapo. Wakati miezi ya mwanzo nyumbani ndiyo inayoamua mambo, na mara nyingi inaharibiwa na watu wanaompenda, kwa maneno kama haya.

"Katoka soba, kapona."

Alichomaliza ni arosto, yale maumivu ya mwili unapokosa ulichouzoesha. Ile ya heroini hukaba siku chache, na ndani ya wiki moja au mbili mwili huwa umetulia. Uraibu wenyewe ni ugonjwa sugu wa ubongo; hamu, hasira za ghafla na kukosa usingizi vinaweza kumfuata kwa miezi. Soba alikuwa na geti, ratiba, na wenzake wanaomwelewa bila maelezo. Nyumbani anaamka saa nne, kila mtu keshaenda kwenye shughuli zake, na kijiwe kiko palepale alipokiacha. Jioni ile ya wali na kuku, muulizeni kesho asubuhi anaenda wapi. Kama hana jibu, tafuteni naye: gereji, kibanda cha shangazi, mikutano ya waliokwisha acha, hata zamu ya kufungua duka.

"Tumpeleke kisiwani kwa mjomba akavue, abadili mazingira."

Hili tunalipenda sana sisi watu wa ziwani. Ukerewe, Kome, kokote, ilimradi awe mbali na mji. Kumtenga na wauzaji anaowajua kuna faida, sikatai. Ila tutazame kazi yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, siku za giza. Kijana anakesha majini, asubuhi anashuka mwaloni na mgao wake mkononi, taslimu, macho mekundu, baridi imemwingia, na wenzake wanaelekea kunywa gongo ili wapate usingizi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki, kwa hiyo kuna siku kadhaa za kukaa bure na hela mfukoni. Mtu aliyeacha juzi husumbuliwa zaidi na mambo hayohayo: uchovu, fedha ya mkupuo, kukosa la kufanya. Kama ni lazima aende, mjomba ajue ukweli wote, mgao utunzwe na mtu waliyekubaliana, na iwepo kazi ya nchi kavu kwa siku za mwezi mpevu: kushona nyavu, kuanika dagaa, kusimamia mizigo. Na kama yuko kwenye methadoni, dawa ya kliniki anayopewa kila siku badala ya heroini, kisiwani hakufai mpaka kliniki ishauriwe.

"Methadoni ni kuacha unga kwa unga mwingine."

Wapo wazazi wanaomtoa mtoto kliniki kwa sababu hii, na kwa kweli inaniuma. Heroini, ndiyo huo unga, hupanda haraka na kushuka haraka. Mtu anashinda akitafuta kete inayofuata. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, huingia taratibu, na hukaa mwilini siku nzima bila kumlewesha aliyefikia kipimo chake. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, Muhimbili walianza kuitoa 2011, na kwa Mwanza inapatikana hospitali ya Sekou Toure. Kwa kawaida mteja humeza mbele ya mhudumu, anashushia maji, anasemeshwa maneno mawili matatu ili ionekane hajaificha mdomoni, kisha anakwenda kazini kwake. Wengine huhitaji miaka, kama ilivyo kwa mgonjwa wa presha na vidonge vyake. Akitaka kupunguza, apunguze na daktari. Jambo moja ambalo familia hukosea kulielewa: akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, methadoni hupungua nguvu na arosto inarudi. Msimwite mwongo. Mrudisheni kliniki warekebishe kipimo.

"Karudia, basi hela yetu imepotea. Aondoke."

Wengi huteleza, kama wagonjwa wa presha na pumu wanavyoteleza kwenye matibabu yao. Hatari kubwa ni nyingine. Baada ya miezi ya kukaa bila kutumia, mwili umepoteza uzoefu. Kipimo alichokimudu zamani sasa kinaweza kumuua. Vijana wengi wa heroini hufa hapo, wiki chache baada ya kutoka, na aliyefukuzwa hutumia peke yake, hakuna wa kumwona. Ukimkuta haamki, anakoroma isivyo kawaida, anapumua kwa kukawia, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Habari za kumnywesha maziwa acheni, yatampalia.

Kwa mtu wa pombe kali kuna onyo tofauti. Akishakuwa amerudi kunywa kila siku, msimfungie chumbani akate ghafla. Arosto ya pombe huleta degedege na inaweza kuua.

"Tatizo lilikuwa unga, bia moja haina neno."

Ina neno. Pombe inalegeza uamuzi, na bangi inampeleka kwa watu walewale. Basi.

"Aoe, atatulia."

Mnamwongezea mzigo, na mnamtwisha binti wa watu uuguzi ambao hakuuomba.

"Hela asishike kabisa."

Kweli aliwahi kuuza redio ya baba na sufuria za mama, hakuna aliyesahau. Lakini kijana wa miaka 22 anayeomba nauli kama mtoto wa darasa la pili, na kukaguliwa mifuko kila akiingia, ataanza kudanganya hata pasipo sababu. Anzeni na kidogo: nauli ya siku, kisha fedha ya sokoni na chenji irudi, kisha mshahara wake wa wiki, sehemu ikiingia kwenye simu ya dada ambaye amemchagua mwenyewe. Kiasi na tarehe mkubaliane yeye akiwepo. Mkikwama, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, na mama anaweza kupiga hata kama kijana hataki.