Si Kila Kilichosagwa ni Chakula cha Samaki

Tangu baridi ianze, simu zinazoingia ofisini kutoka Rungwe, Mbozi na Mufindi zina lalamiko moja: samaki wana miezi minane na bado wanalingana na kiganja. Wa kwanza kulaumiwa ni aliyeuza vifaranga. Tukiuliza samaki wanakula nini, tunajibiwa, "Pumba." Pumba na nini? "Pumba tu, na samadi."

Ndugu wafugaji, pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10. Sato anayekua anahitaji asilimia 25 hadi 30, na kambare zaidi ya hapo. Samadi kazi yake ni kurutubisha maji; haishibishi bwawa lililojaa samaki.

Wengine wamekimbilia dagaa, na tunawaelewa. Ila kilo moja ya dagaa wakavu hutokana na kilo nne hivi za wabichi, na usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, ni kitoweo cha watu wa Kyela na Ludewa kabla ya kuwa chakula cha sato wako. Vifaranga wadogo wapewe dagaa kidogo. Samaki wakubwa wapate protini kwenye soya na mashudu ya alizeti, mazao ambayo tunayo hapa hapa.

Soya ikaangwe kwanza. Ikiwa mbichi ina viini vinavyozuia samaki kumeng'enya protini. Tunalisema hili kila msimu, na kila msimu tunaonyeshwa unga wa soya mbichi. Mashudu yawe makavu, yasiwe na maganda mengi. Yakishaota ukungu, kuyaanika tena hakuondoi sumukuvu.

Kuhusu funza lishe, yaani funza wa inzi wanaofugwa ili wawe chakula cha mifugo na samaki, wengine mnauliza kama ni wa inzi wa chooni: hapana, inzi wake si yule. Funza hao hulishwa mabaki ya sokoni, na wakikaushwa wana protini ya kama asilimia 40. Kyela wanastawi vizuri. Njombe mwezi wa saba watadumaa usipowajengea banda lenye joto. Hata sato wenyewe, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 wanakula kwa shida. Walishe mchana jua likiwa kali, si alfajiri.

Sasa wanaochanganya na kuuza. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Wanyama, Na. 13 ya 2010, inamtaka mtengenezaji na muuzaji asajiliwe. Kiroba cha mbolea kilichogeuzwa ndani nje, bila maandishi, si kifungashio. Mnunuzi adai lebo yenye jina la mtengenezaji, viambato, kiwango cha protini na tarehe, na atunze risiti. Ukiwa na shaka, chota kidogo juu, katikati na chini ya viroba kadhaa, changanya, weka kwenye mfuko safi mkavu, andika tarehe na ulikonunua, kisha umwone afisa uvuvi wa halmashauri kabla hujamaliza mzigo. Viroba vitupu havipimiki.