Sifa za wachangiaji figo waliofariki, kwa nini zinabadilika?

Ukifuatilia mambo ya kupandikiza figo lazima ukutane na hii kitu, "sifa za wachangiaji waliofariki", yaani hao wanaotolewa figo baada ya kufa ni watu gani, wana umri gani, wamekufa na nini, walikuwa na presha au sukari, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanya kazi vizuri kiasi gani) ilisoma ngapi. Na hizo sifa hazitulii, maana zinafuata jinsi watu wa nchi husika wanavyokufa.

Chukua Uhispania, hao ndo vinara wa dunia kwenye kuchangia viungo. Mwanzoni mwa miaka ya 90 wachangiaji wao wengi walikuwa vijana wa ajali za barabarani, figo safi kabisa. Baadaye watu wakabanwa na mikanda, helmeti, leseni ya pointi (dereva akivunja sheria anakatwa pointi, zikiisha anapoteza leseni) ikaja 2006, ajali zikashuka (na nani alalamike?), basi figo za vijana nazo zikaadimika. Sahivi wengi ni waliokufa kwa kiharusi, na zaidi ya nusu wamevuka miaka 60.

Marekani mambo yameenda kivingine. Mwaka 2000 waliokufa kwa kuzidisha madawa ya kulevya walikuwa kama asilimia 1 tu ya wachangiaji, kufika 2017 ni kama 13. Hao ni vijana, ila wengine wana homa ya ini C, zamani figo kama hiyo iliishia kutupwa, siku hizi kuna vidonge vinavyoponya kwa hiyo mgonjwa anawekewa halafu anatibiwa.

Sasa kuna upande mwingine watu wanausahau, madaktari wenyewe wamefungua mlango zaidi. Foleni ya wagonjwa wanaosubiri figo ni ndefu, kwa hiyo anakubaliwa hata mzee wa miaka 70 na presha yake, wanakata kinyama kidogo cha figo wanakicheki kwenye darubini, wakiona moja haitatosha mgonjwa mmoja anawekewa zote mbili. Ulaya tangu 1999 nchi kadhaa, Ujerumani ikiwemo, zina utaratibu wa figo ya mwenye miaka 65 na kuendelea kwenda kwa mgonjwa wa umri huohuo, tena wa jirani ili isikae kwenye barafu muda mrefu.

Ndo maana ukiona grafu inasema wachangiaji wamezeeka usikimbilie kusema hali imeharibika, uliza kwanza, vijana wamepungua au ni wazee ambao zamani walikataliwa ndo wanahesabiwa sasa? Mara nyingi ni vyote viwili.