Viza haikuondolei haki ya mshahara: sheria za kazi Australia kwa wafanyakazi wageni

Tangu 1 Januari 2025, mwajiri wa Australia anayempunja mfanyakazi mshahara kwa makusudi anatenda kosa la jinai. Kabla ya hapo, kwa sheria ya shirikisho, jambo hili lilikuwa la madai: mwajiri akibanwa alilipa deni na faini, basi. Sasa anaweza kufungwa. Habari hiyo imesambaa vizuri miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wanaofika katika kituo chetu cha sheria, wengi wao wakiwa Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaofanya kazi za usafi, kulea wazee, viwandani na mashambani. Jambo ambalo halijasambaa ni kwamba sheria hiyo inawahusu wao pia. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na swali tunaloulizwa kuliko yote: "Viza yangu ina tatizo, je, nina haki ya kudai?" Unayo. Sheria ya kazi ya mwaka 2009, inayoitwa Fair Work Act, inamlinda kila mwajiriwa, na mwaka 2023 Bunge liliongeza kifungu kinachosema wazi kwamba hali ya mtu kiuhamiaji haibatilishi mkataba wake wa kazi wala haki zake chini ya sheria hiyo. Mwanafunzi, mkimbizi mwenye viza ya muda, mtu aliyekuja kwa udhamini wa mwajiri, hata aliyevunja sharti la viza, wote wanadai mshahara uleule ambao angeudai raia aliyezaliwa Sydney. Tunalazimika kulirudia hili kila wiki kwa sababu kuna watu katika jamii, tena wenye kuheshimika, wanaowaambia wenzao wanyamaze. Ushauri huo ni mbaya na umewapotezea watu fedha nyingi.

Chukua mfano wa mwanafunzi. Tangu 1 Julai 2023 mwenye viza ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili wakati masomo yakiendelea, na bila kikomo wakati wa likizo za chuo. Wiki mbili hizo huhesabiwa kuanzia Jumatatu. Mwajiri humpa zamu za saa 60, humlipa taslimu kwa bei ya chini, kisha siku akiuliza kuhusu malipo anaambiwa: "Ukinishtaki nawapigia uhamiaji, umezidisha saa." Mwanafunzi anaondoka kimya. Tafadhali elewa sheria ilivyo sasa: tangu 1 Julai 2024, kumlazimisha au kumshinikiza mtu kwa kutumia hali yake ya uhamiaji ili akubali mpango usiofaa kazini ni kosa la jinai lenyewe, lenye kifungo cha hadi miaka 2. Anayekiuka anaweza pia kutangazwa kuwa mwajiri aliyepigwa marufuku kuajiri wageni zaidi kwa kipindi maalumu, na jina lake likawekwa hadharani. Kwa hiyo kitisho hicho, kikitolewa kwa ujumbe wa WhatsApp, ni ushahidi dhidi ya aliyekiandika. Usiufute.

Mtindo huu una historia. Mwaka 2015 waandishi wa habari walifichua yaliyokuwa yakitendeka katika maduka ya 7-Eleven, ambako wanafunzi wa kigeni walilipwa nusu ya saa walizofanya, au walilipwa kamili benki kisha wakatakiwa kurudisha sehemu taslimu, huku masharti ya viza yakitumiwa kuwafunga midomo. Kampuni hiyo ilikuja kuwalipa wafanyakazi zaidi ya dola milioni 150. Sheria ya mwaka 2017 ya kuwalinda wafanyakazi walio hatarini ilitokana na sakata hilo, na kikosi kazi kilichoongozwa na Allan Fels kiliwasilisha ripoti yake mwaka 2019 kikipendekeza adhabu za jinai. Mapendekezo hayo yalichukua miaka kufika kwenye vitabu vya sheria, lakini yamefika.

Kuhusu viza yenyewe, yapo mambo matatu, na naomba yasomwe kwa makini kwa sababu yanachanganywa sana. La kwanza ni ulinzi dhidi ya kufutiwa viza: aliyevunja sharti la kazi kutokana na unyonyaji anaweza kulindwa, mradi apate hati ya uthibitisho kutoka chombo kilichoidhinishwa (vikiwemo baadhi ya vyama vya wafanyakazi na vituo vya sheria), ahusishe uvunjaji huo na unyonyaji, na aahidi kuyafuata masharti ya viza kuanzia hapo. La pili ni viza ya haki kazini, iliyo katika kundi la viza namba 408, iliyoanza Julai 2024 kama majaribio ya miaka 2. Hiyo humwezesha mtu ambaye viza yake inakaribia kwisha, au imekwisha hivi karibuni, kubaki nchini kufuatilia madai yake, na haina ada ya maombi. Kwa kuwa ilikuwa ya majaribio, hakikisha kwanza katika tovuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani kama maombi bado yanapokelewa. La tatu ni kwa waliodhaminiwa na mwajiri: tangu 1 Julai 2024 wana hadi siku 180 za kutafuta mdhamini mwingine baada ya kuacha kazi, zisizozidi jumla ya siku 365 katika muda wote wa viza. Zamani zilikuwa 60. Siku hizo ulizipata ili usilazimike kuvumilia dhuluma, na katika kipindi hicho unaruhusiwa kufanya kazi kwa waajiri wengine.

Ulinzi wa kwanza na wa pili kati ya hayo hautolewi wenyewe. Usitume barua pepe uhamiaji ukikiri kuzidisha saa kabla hujaonana na mwanasheria au wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa. Mpangilio wa hatua una uzito.

Sasa tuzungumze fedha. Kima cha chini cha taifa kilichoanza 1 Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa. Kibarua huongezewa asilimia 25 kwa kuwa hana likizo ya malipo wala ya ugonjwa, hivyo anafikia takribani dola 31.19. Kazi nyingi zina awadi ya sekta, yaani hati ya kisheria ya malipo na masharti ya kazi hiyo, ambayo huweka kiwango cha juu zaidi, pamoja na nyongeza za usiku, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mtu anayesafisha ofisi usiku kama kibarua kwa dola 15 taslimu, saa 20 kwa wiki, anapoteza zaidi ya dola 320 kila wiki hata tukipiga hesabu kwa kima cha chini pekee. Wiki 40 zikipita, ni karibu dola 13,000. Na bado hatujahesabu nyongeza za usiku.

"Lakini tulikubaliana dola 15." Makubaliano hayo hayana nguvu. Hakuna mtu anayeweza kusaini kulipwa chini ya awadi, awe amesoma mkataba au hakuusoma, awe aliomba kazi kwa kulia au aliombwa. Kulipwa taslimu pia si kosa la mfanyakazi. Sheria inaruhusu taslimu ikiwa kodi inakatwa na hati ya mshahara inatolewa. Hati hiyo inatakiwa kumfikia mfanyakazi ndani ya siku 1 ya kazi baada ya kulipwa, kwa karatasi au kielektroniki, ikionyesha jina na namba ya biashara ya mwajiri, kipindi cha malipo, jumla kabla na baada ya makato, saa na viwango kwa wanaolipwa kwa saa, na mchango wa akiba ya uzeeni. Kumbukumbu za mishahara mwajiri anatakiwa kuzitunza miaka 7.

Hapa kuna kifungu ambacho wafanyakazi wengi hawakijui, nacho ndicho silaha yao kubwa. Mwajiri akishindwa kutunza kumbukumbu au kutoa hati ya mshahara bila sababu ya msingi, mzigo wa ushahidi unahamia kwake: mahakamani ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hukufanya saa unazodai. Unachohitaji ni kumbukumbu zako mwenyewe, zilizoandikwa siku hiyohiyo. Daftari la kawaida linatosha. Mteja wetu mmoja aliandika hivi kila usiku: tarehe, "nimeingia 10:05 jioni, nimetoka 6:40 usiku, mapumziko dk 20, jengo la ghorofa 3, msimamizi hakuja". Mstari mmoja tu, kwa miezi mingi, wino tofauti, kurasa zenye alama za sabuni. Tulipouweka pamoja na ujumbe wa ratiba za zamu na rekodi za kadi yake ya treni, upande wa pili haukuwa na la kupinga. Wengine hutuletea maelezo ya jumla, "nilifanya kazi sana, kila siku", wakitarajia tukisie zilizobaki. Hatuwezi kukisia.

Mashambani hali ni tofauti kidogo. Wanaovuna matunda Shepparton au Mildura huambiwa kwamba kulipwa kwa kipande, yaani kwa kila pipa unalojaza, hakuna kima cha chini. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Tangu 28 Aprili 2022 awadi ya kilimo cha bustani inamhakikishia mvunaji kwamba malipo yake ya siku hayatashuka chini ya kiwango cha saa alizofanya, pamoja na nyongeza ya kibarua. Mapipa yawe machache kwa sababu ya mvua au miti iliyokwisha kuvunwa, saa zako zinabaki kuhesabiwa, na mwajiri lazima aziandike.

Kuna pia suala la ABN, yaani namba ya biashara ya Australia. Kuambiwa "fungua ABN ndipo nikupe kazi" hakukufanyi uwe mkandarasi. Tangu 26 Agosti 2024 sheria inaangalia uhalisia wa uhusiano: nani anapanga saa, nani ana vifaa, kama unaweza kumtuma mtu mwingine badala yako. Msafishaji anayevaa sare ya kampuni, kutumia mashine zake na kupangiwa zamu naye ni mwajiriwa kwa kila hali, hata akiwa na ABN tatu. Vivyo hivyo kwa "majaribio" ya bure: jaribio lisilolipwa linaruhusiwa tu kwa muda unaohitajika kuonyesha ujuzi, chini ya usimamizi wa moja kwa moja, na kwa kawaida ni kati ya saa 1 na zamu 1. Wiki nzima ya majaribio ni kazi, na inalipwa.

Kuhusu adhabu, niweke matarajio sawa. Kwa kosa la jinai la kupunja mshahara, mtu binafsi anaweza kufungwa hadi miaka 10, kutozwa faini ya hadi dola milioni 1.65 au mara 3 ya kiasi alichopunja, kilicho kikubwa, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa hadi dola milioni 8.25 au mara 3 ya kiasi hicho. Lakini ni lazima makusudi yathibitishwe, pasipo shaka ya msingi. Kosa la hesabu halihusiki. Mwajiri akijitokeza mwenyewe anaweza kufikia makubaliano ya ushirikiano ambayo humwepusha na mashtaka, ingawa deni analipa. Uchunguzi hufanywa na Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali inayosimamia utekelezaji wa sheria za kazi, na uamuzi wa kufungua kesi ni wa waendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho. Si mimi, si wewe. Wanaokuja kwetu wakitaka bosi afungwe kabla ya Krismasi huondoka wamekata tamaa, na inatusikitisha, kwa sababu njia ya madai ya kurudishiwa fedha iko wazi na mara nyingi ndiyo inayomsaidia mtu kulipa pango.

Njia hiyo ni hii. Andika kwanza kwa mwajiri ukitaja kipindi, saa na tofauti, na umpe tarehe ya kujibu. Asipojibu, piga simu Fair Work Ombudsman, 13 13 94. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili piga 131 450 uunganishwe, bila malipo. Ikishindikana, mahakama ya shirikisho ina utaratibu wa madai madogo wa hadi dola 100,000, usiohitaji wakili. Madai yanarudi nyuma miaka 6.

Kufukuzwa kazi ni jambo jingine na lina ofisi nyingine, Fair Work Commission, baraza linaloamua migogoro ya kazi. Majina yanafanana, kazi hazifanani. Ukifukuzwa, ikiwemo kwa sababu ulidai haki yako, una siku 21 tu za kuwasilisha maombi huko, zinazohesabiwa tangu kufukuzwa kulipoanza kutumika, wikiendi zikiwemo. Kuongezewa muda hutolewa kwa sababu za kipekee tu, na "sikujua sheria" haijawahi kutosha. Tukisema njoo mapema, tunamaanisha siku hizo 21.

Mwisho ni supa, yaani akiba ya uzeeni. Mwajiri anachangia asilimia 12 ya mshahara wako tangu 1 Julai 2025, hata ukiwa na viza ya muda, na kuanzia 1 Julai 2026 mchango huo unapaswa kufika katika mfuko ndani ya siku 7 za kazi baada ya kila malipo, badala ya mara moja kwa robo mwaka. Ingia katika akaunti yako uangalie. Usipouona, malalamiko yanakwenda Ofisi ya Kodi. Unaporudi nyumbani moja kwa moja na viza yako ya muda ikishakwisha, unaweza kuomba fedha hizo baada ya makato ya kodi. Fungua maombi mtandaoni kabla ya kuondoka.