Mtunya: njaa ambayo ukame peke yake hauielezi

Mtunya ni jina ambalo Wagogo, wenyeji wa eneo la Dodoma katikati ya Tanzania, waliipa njaa kubwa iliyoikumba nchi yao kati ya mwaka 1917 na 1920. Kwa Kiswahili, neno lililo karibu nalo zaidi ni kinyang'anyiro. Inafaa msomaji alitazame jina hilo kabla ya kwenda mbele, kwa sababu halitaji jua wala mvua. Linataja walivyotendeana watu. Leo ukimuuliza mkazi wa Dodoma kwa nini mababu walikufa kwa njaa, wengi watakujibu kwamba nchi hii ni kame, na mazungumzo yataishia hapo. Wanahistoria wa siku hizi hawakubali yaishie hapo, na kwa hakika waliolitunga jina lenyewe hawakukubali tangu mwanzo.

Ukame haukuwa mgeni Ugogo. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazizidi sana milimita 500 au 600 kwa mwaka, tena zikija bila mpangilio: kijiji kimoja hupata, jirani yake hukosa. Kwa hiyo maisha yote yalijengwa juu ya matarajio kwamba mwaka mbaya utakuja. Uwele na mtama, mazao yanayostahimili jua, yalihifadhiwa ndani ya tembe kwenye vilindo, yaani vyombo vikubwa vya kuwekea nafaka, na familia yenye bidii ilikuwa na akiba iliyovuka msimu. Ng'ombe hawakuwekwa zizini pamoja wote. Waligawanywa kwa wakwe, ndugu na marafiki waliokaa mbali, ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usiwamalize. Chakula kilipopungua, watu walikwenda kuhemea, yaani kusafiri kwa jamaa au kwenye nchi zilizovuna, wakibadilishana mifugo na nafaka. Katika karne ya 19, misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Tabora ilinunua chakula na maji Ugogo, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Nchi ambayo wasafiri walilalamikia ukavu wake ilikuwa pia ghala lao, jambo ambalo wanaoieleza Dodoma kwa neno kame peke yake hulisahau.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipofika, kila kiungo cha mpango huo kilivutwa kwa wakati mmoja. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo eneo hili lilikuwa njia ya jeshi. Wajerumani, waliokuwa watawala wakati huo, chini ya kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mwezi Aprili 1916 kikosi cha Jaap van Deventer, kilichokuwa chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, aliyeongoza majeshi ya Waingereza, kiliteka Kondoa, kaskazini mwa Dodoma. Mvua za masika zikaifunga barabara iliyotoka kaskazini, nao wanajeshi wakalazimika kutegemea kile walichokipata palepale. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo Dodoma yenyewe iliangukia mikononi mwa Waingereza, huku Wajerumani wakirudi nyuma na kubomoa madaraja ya reli. Mtawala alibadilika, mahitaji yalibaki yaleyale: nyama, unga, na migongo ya kubebea mizigo. (Jina la Kariakoo, soko ambalo kila mfanyabiashara wa Dodoma hulitaja anapokwenda Dar es Salaam kununua bidhaa, lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza.) Hata malipo hayakuwa kinga. Serikali ya Kijerumani ilichapisha noti za dharura za rupia mwaka 1915 na 1916, na aliyeuza ng'ombe wake kwa noti hizo alijikuta, baada ya watawala kuondoka, ameshika karatasi.

Mvua zilipokosekana vita vikielekea ukingoni, ukame uliikuta nchi ambayo vilindo vyake vilikuwa vitupu, mazizi yamepungua, na vijana ambao wangelima au kutembea siku nyingi kwenda kuhemea wamechukuliwa kuwa wapagazi, wengine wasirudi kamwe. Majirani nao walikuwa wameporwa na majeshi yaleyale, hivyo hapakuwa na pa kuhemea. Homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 iliwapata watu waliokwisha kudhoofika. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000, yaani mmoja kati ya watano. Hesabu hizo ni za maafisa wa kikoloni ambao hawakuwa na sensa ya kuaminika, kwa hiyo zichukuliwe kama kipimo cha ukubwa wa msiba tu.

Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeiandikia njaa hii makala mahsusi mwaka 1990, anasisitiza kwamba madai ya majeshi mawili ndiyo yaliyoufanya ukame uwe maafa. Hoja hiyo inakaribiana na ya mchumi Amartya Sen, aliyeonyesha kwa mfano wa Bengal mwaka 1943 kwamba watu wanaweza kufa njaa si kwa kuwa chakula hakipo, bali kwa kuwa wamepoteza uwezo na haki ya kukipata. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hoja ya Sen haitoshei Ugogo kikamilifu, kwa sababu hapa nafaka yenyewe ilikuwa imeondolewa. Kinachofanana ni swali linaloulizwa: nani alikuwa na uwezo wa kudai chakula, na nani aliupoteza?

Hapo ndipo neno kinyang'anyiro linapopata uzito wake wa pili. Kwanza walionyang'anya ni majeshi. Kisha, akiba ilipokwisha, unyang'anyi uliingia miongoni mwa watu wenyewe, na simulizi zinawataja hata watoto waliowekwa rehani kwa chakula. Mkwe uliyemkabidhi ng'ombe angeweza kukataa kuwarudisha. Ahadi zilizokuwa bima ya maisha zilivunjika.

Matokeo yake ya kiuchumi yalidumu kuliko njaa yenyewe. Kaya isiyo na mifugo wala mbegu haikuweza kujijenga upya kwa njia za zamani, na kodi ya serikali mpya ilidaiwa kwa fedha. Kwa hiyo kazi ya kibarua na safari za kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya mashariki, ambako waliosajiliwa waliitwa manamba, zikawa sehemu ya kawaida ya kukabiliana na mwaka mbaya. Kuhemea kulibadilika: zamani mtu alikwenda na mbuzi wake kwa jamaa, sasa alikwenda na nguvu zake kwa mwajiri.

Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi wa historia ya Wagogo kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1954, alizaliwa mwaka 1917 katika nchi hiihii. Kizazi chake ndicho kilicholibeba jina la Mtunya kutoka kwa walionusurika hadi kwa watafiti waliokuja baadaye na madaftari yao.